Siku Tatu Nje ya Nyumba ya Mkwe

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kisimani safari ilikuwaje, nami najibu "ilikuwa nzuri tu" halafu nainamia ndoo yangu. Mnanijua. Kusema mbele ya watu watano ni kazi kwangu. Kuandika naandika polepole, lakini hakuna anayenitazama mdomo. Kwa hiyo nimeandika. Someni wenyewe, na asiyependa kusoma asomewe.

Mnachojua ni kwamba dada yangu Nyamisi alijifungua kwa upasuaji kule Musoma, mama na mimi tukaenda kumuuguza, na mimi nimerudi peke yangu. Wengine mmesema mama amegombana na mkwe wake. Si kweli. Haya ndiyo yaliyotokea.

Mugeta hadi Bunda

Tulipanda lori la pamba. Dereva alisema saa moja asubuhi, ila watu wa mzani walibishana na mkulima mmoja mpaka saa tano, kila mmoja anasema mwenzake haoni vizuri. Sisi tulikaa kivulini mwa lori. Mama alikuwa na kapu lenye unga wa ulezi, nyama iliyokaushwa, kibuyu cha maziwa mgando, na kuku mtetea aliyefungwa miguu.

"Mama, huyo kuku amelipa nauli?" dereva akauliza.

"Atalipa yai kesho."

"Kesho nitakuwa Mwanza!"

"Basi na yeye atakuwa supu. Mmepishana."

Tukapanda juu ya magunia. Pamba hailazi mtu vibaya, lakini kwa upepo ule ilituingia kila mahali. Tuliposhuka Bunda, mtoto mmoja wa shule alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akaniamkia shikamoo. Nikashangaa. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nywele zangu zote zilikuwa nyeupe.

Bunda hadi Butiama

Pale stendi kuku alijinasua kwenye kamba. Alipita chini ya meza za nyanya, akapita katikati ya miguu ya makondakta, watu wakapiga kelele kama uwanja wa mpira. Mimi nilitakiwa nimkimbize lakini miguu ilikataa kwa sababu ya macho ya watu. Fundi viatu mmoja ndiye aliyemkamata, bila hata kuinuka, kwa mkono mmoja, kiatu cha mtu kikiwa bado kwenye mkono wa pili.

Mama alimmiminia maziwa kwenye kikombe chake. Mnajua maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Yule fundi alikunywa, akafumba macho, akakaa kimya kiasi kwamba mwenye kiatu akauliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Nimeenda nyumbani kidogo."

Hakutuambia nyumbani kwao ni wapi, na mama hakumwuliza. Alimwongezea.

Gari lilichelewa kujaa, kwa hiyo tulifika Butiama jua limeshaanza kuinama. Tulilala kwa shangazi, dada yake baba. Alitupa ugali wa mtama na kunde, na wakati tunakula akamwuliza mama atakaaje Musoma, maana nyumba ya Nyamisi ni chumba kimoja cha kupanga.

Hapa niseme, kwa ajili ya wale ambao kwao hakuna mila hii. Kwetu mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Wengi wameacha. Mama hajaacha. Shemeji Magesa alipokuja kujitambulisha nyumbani, mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunawa. Mama alikaa jikoni siku nzima na mlango umefungwa, moshi ukimliza. Harusi ilikuwa kwao, mama hakwenda, wala mimi. Miaka miwili, hajawahi kumwona mkwe wake, wala mkwe hajamwona yeye.

"Siku hizi watu wanakula chipsi na wakwe zao, meza moja," shangazi akasema. "Utakufa na hiyo mila yako, wifi."

"Nife nayo, ni yangu. Yule kijana analinda usiku, analala mchana. Mchana nitatoka, usiku nitarudi akiwa kazini. Na nikisikia nimemtoa mwenye nyumba kitandani kwake, siku hiyohiyo narudi Mugeta."

Asubuhi, wakati tunasubiri gari, tulizunguka Butiama. Tulipanda kwenye mawe makubwa ya kilimani, tukaona ng'ombe wa watu wakishuka kunywa. Tukapita nje ya makumbusho. Mama aliuliza kiingilio, akaambiwa, akashukuru kwa heshima, akasema ukuta wenyewe ni mzuri sana na tumeushiba.

Butiama hadi Musoma

Safari hii haikuwa ndefu na sina la kusema juu yake, ila kwamba tulipoliona ziwa kwa mbali mama alidhani ni mvua inakuja, akafunika unga.

Nyumba ya dada iko Kitaji. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Dada alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto pembeni, mdogo kama mkono wa ndizi usiokomaa. Mama alimpokea mtoto akamnusa kichwani, halafu akakaa na dada akamshika mkono. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Hospitali walimwambia asiinue kitu chochote kizito kuliko mtoto.

Usiku ule mama alimkanda miguu, akampikia uji wa ulezi, akalala naye. Na kulipokucha, kabla shemeji hajatoka lindo, mama alinishika mkono tukatoka. Mimi pia ilinibidi nitoke. Binti hakai chumba kimoja na shemeji yake aliyelala, na mama asingeweza kuzunguka mji peke yake.

Kitaji hadi ziwani

Sasa, mji usio wako, huna ndugu mwingine, huna hela ya kukaa hotelini, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Mnakwenda wapi mpaka jioni? Sisi tulikwenda ziwani, kwa sababu barabara zote za kushuka zilionekana zinakwenda huko.

Ufukweni kuna mawe, makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana. Mama alisimama mbele yake akageuka huku na huku.

"Mwenye mawe haya ni nani tumwombe ruhusa tukae?"

Mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa mchangani akaangua kicheko. "Mawe ya Mungu, mama! Kaa unapotaka. Hata kenge wanakaa bure."

Na kweli kenge alikuwepo, ameota jua kama tajiri. Tukakaa. Tuliona ndege weusi waliotanua mabawa yao yakauke, kama mtu aliyeanika koti. Tuliona mitumbwi ikija kutoka Kinesi na watu wakiruka na viatu mkononi. Tulisogea mpaka Mwigobero, tukatazama samaki wakishushwa, mama akamwuliza kila mtu jina la kila samaki, na hakuna aliyekasirika. Adhuhuri tukaoga kwenye maji ya kina kifupi, nguo zetu tukazianika juu ya jiwe, zikakauka kabla hatujamaliza kuogopa kwamba kuna mtu anatuona. Saa kumi tukasimama nje ya kanisa tukasikiliza kwaya wakirudiarudia mstari mmoja ambao sauti ya tatu walikuwa hawauwezi. Wakati wanaupata, mama alipiga vigelegele peke yake barabarani. Mimi nilijificha nyuma ya mti.

Chakula tulikula mapanki, mifupa ya sangara iliyokaangwa ikakauka, pamoja na viazi vya kuchemsha. Ukipata yenye kichwa umebahatika.

Jioni mama akamwuliza dada, "Mwenzako amelala vizuri?"

"Amelala, mama," dada akasema.

Mama alipokwenda bombani, dada alinivuta kanga.

"Wakuru, nimemdanganya. Magesa hajaja. Siku mliyokuja aliniambia hatatia mguu hapa mchana, anasema mama asije kukosa pa kukaa kwa sababu yake. Simu yetu ni moja na kaniachia mimi. Anadhani mama yuko na mimi. Mama anadhani Magesa yuko na mimi. Nikimwambia mama, ataondoka. Kesho nenda ghalani anakolinda, umwambie mama anatoka, aje alale nyumbani. Nashinda peke yangu, Wakuru. Leo nimekaa na kiu mpaka jirani alipopita."

Nikasema nitakwenda.

Kwenda ghalani

Asubuhi ya pili nilimwambia mama naenda kununua sabuni, anisubiri kwa mama wa dagaa. Nikaenda hadi ghalani. Walinzi walikuwa wanabadilishana zamu, wanaume saba au wanane langoni, na shemeji katikati yao, anacheka, anafungua koti lake. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani: shikamoo shemeji, dada anasema. Nikavuka nusu ya barabara.

Mmoja wao akaniona. "Haya, nani ameagiza mke asubuhi yote hii?"

Wakacheka wote. Shemeji hakuwa amegeuka bado. Nikageuka mimi.

Nilipita dukani nikanunua sabuni, ili angalau hilo liwe kweli. Jioni dada aliponitazama kwa kuuliza, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, nimemwambia. Sijui kwa nini. Naandika hili hapa kwa sababu ndilo lililokuwa gumu kusema kisimani.

Siku ile nzima mama alikuwa na furaha. Mama wa dagaa alitufundisha kugeuza dagaa kwa ufagio mchangani, tukamsaidia, naye akatupa kibakuli cha kupeleka nyumbani. Tulitazama vijana wakifanya mazoezi ya mpira, mama akachagua timu yake kwa rangi ya soksi. Kila alipocheka nilimwona dada amelala anatazama mtungi wa maji ulio mbali.

Kwenye mawe, siku ya tatu

Siku ya tatu mama wa dagaa alitupa furu watatu, wale samaki wadogo wenye mifupa mingi, tukawachoma kwenye moto wake. Tuliwabeba na viazi kwenye sahani yake kwenda kwenye mawe yetu, na tukakuta kuna mtu.

Alikuwa amelala katikati ya mawe mawili, viatu vikubwa vya kazi miguuni, kofia usoni. Kivuli kilikuwa kimeshamwacha, jua linampiga shingoni.

"Maskini," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa mwenzangu huyu. Ana mama yake mahali."

Akafungua kitenge chake cha juu, akamtandikia kichwani na mabegani. Kofia ikaanguka. Alikuwa shemeji Magesa.

Mama akakaa zake pembeni akaanza kumenya kiazi. Nguo yake ilikuwa juu ya mkwe wake na hakujua.

Muda si mrefu shemeji akaamka, akakiona kitenge, akamwona mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala juani kama kenge."

"Kenge ananizidi, mama. Yeye hana zamu ya kulinda usiku."

Mama akacheka, akampa furu na kiazi. Akapokea kwa mikono miwili. Mimi nilivuta kanga hadi mdomoni nikatazama ziwa. Hakunitambua. Miaka miwili iliyopita alinitazama mikono tu, wakati ananawa.

Wakala. Wakala pamoja, jamani, kutoka sahani moja.

"Huna nyumba, baba?"

"Ninayo. Nimemwachia mgeni."

"Mgeni gani huyo wa kumtoa mwenye nyumba?"

"Mama mkwe wangu. Amekuja kumuuguza mwanawe. Chumba kimoja, mama. Nikirudi kulala mimi, yeye aende wapi, mtu mzima? Mtoto wangu mwenyewe sijamwona siku tatu, lakini nalala popote huku ziwani kwa amani, najua mke wangu yuko na mamaye."

"Mungu akubariki," mama akasema kwa moyo wote. "Huyo mama mkwe ana bahati. Wa kwangu mimi ni mlinzi kama wewe. Ila mimi ndiye natoka, yeye analala nyumbani. Naye nasikia ana adabu."

"Basi mama, sisi wawili tumefukuzwa na wakwe!"

Wakacheka, wanagonganisha viganja, mifupa ya furu ikiruka. Walikuwa wanacheka mbele yangu, na mimi peke yangu katika ufukwe ule wote nilijua kwamba kule Kitaji dada hana mtu.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia. "Mama, dada yuko peke yake."

"Peke yake vipi? Si yuko na mumewe?"

"Mumewe ndiye huyu."

Mama hakupiga kelele. Alishusha kanga usoni akageuka kulitazama jiwe. Shemeji aliruka upande wa pili, nikasikia ameangukia majini, maji ya magotini. Mitumbwi ilikuwa inapita.

Kisha mama akasema, bado anatazama jiwe, "Wakuru. Mwulize shemeji yako tangu lini dada yako yuko peke yake."

Shemeji alikuwa hatua nne kutoka pale. Alikuwa amesikia kila neno. Lakini ilibidi nimwambie.

"Shemeji, mama anauliza tangu lini."

"Mwambie mama mimi nilidhani yuko naye. Mwambie anisamehe. Na mwulize... bado nina samaki mdomoni. Nimeze au niteme?"

Nikamwuliza mama. Mabega yake yakatikisika kidogo, na hadi leo sijui kama alikuwa analia.

"Mwambie ameze. Chakula hakina kosa."

Nikaeleza yote. Dada alivyodanganya ili mama asiondoke, na mimi nilivyotumwa ghalani nikarudi na sabuni. Nilieleza mara moja tu, wote wawili wakinisikia, mmoja kila upande wa jiwe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aibu yako, mwanangu," akasema, "imemlaza dada yako na kiu. Na mila yangu ilikuwa inaisaidia. Inuka twende."

Kurudi Kitaji

Tulitembea kwa msururu, mama mbele anakimbiakimbia, mimi katikati, shemeji nyuma kabisa na kitenge mkononi, hajui akivae, akikunje au akirudishe. Watu walitutazama. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwaona.

Mlangoni ndoo ilikuwa imepinduka na maji yamesambaa. Dada alikuwa amekaa chini ndani ya maji, anashika tumbo, hawezi kuinuka. Mtoto analia kitandani. Alikuwa ameamua kujaza mtungi mwenyewe.

Mama aliingia. Shemeji naye aliingia, hakungoja kutumiwa mtu. Mmoja alishika kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wakamwinua pamoja kichwa kwa kichwa, ndani ya chumba kile kimoja, mama amefumba macho kabisa. Wakamlaza. Dada alilia, si kwa maumivu, akasema, "Mmekuja wote?"

Hospitali walisema kidonda hakijafunguka, ila kilibaki kidogo tu kifunguke. Wakamfokea shemeji, wakamfokea mama, kwa zamu, nao wakapokea kichwa chini, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Kabla sijaondoka

Mama hakurudi Mugeta kama alivyoapa. Shemeji analala ndani mchana, mlango umerudishwa. Mama anatandika mkeka uani, chini ya kivuli cha ukuta, na dada analala hapo karibu naye. Mama amempa shemeji kile kitenge moja kwa moja, maana nguo iliyomfunika mkwe hawezi kuivaa tena. Atakaa mpaka dada aweze kuinua ndoo.

Asubuhi ya mwisho nilikaa nao nikisubiri gari. Mtoto alianza kulia. Kutoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya usingizi ikasema, "Analia nini?"

Dada alikuwa amelala. Mama alimtazama mtoto, akautazama mlango. Halafu akanigeukia.

"Mwambie shemeji yako, ni njaa tu. Alale."

Nikainuka, nikausogelea mlango mbele ya wapangaji wote waliokuwa wanafua uani, nikapaza sauti.

"Shemeji! Mama anasema ni njaa tu. Lala!"